Mashuka Meupe ya Zuhura

Alasiri ile naikumbuka vizuri, mwanangu, hata kanga niliyojifunga naikumbuka. Zuhura, shoga yangu tangu tukiwa wari, alinishika mkono akaniingiza chumbani kwake, hapa hapa mtaani kwetu Dunda. Nikaona kitanda. Mashuka meupe pee, yamenyooshwa, pembe zake zimekunjwa na kuchomekwa chini ya godoro. Mito miwili ya sufi imesimamishwa upande wa kichwani. Huku na huku kuna kasha la sabuni lililovishwa kitambaa cha kudarizi, na juu yake taa ndogo. Miguuni pana taulo lililokunjwa, na asmini kidogo juu yake.

Mumewe, Shomari, alikuwa akitandika vitanda kwenye hoteli moja ya watalii huku pwani, njia ya kwenda Dar. Miaka ile ya sabini hoteli za namna hiyo zilikuwa ngeni kwetu. Alichokiona kazini alimsimulia mkewe, na mkewe akakifanya nyumbani, basi. Nilimsifu kwa mdomo huku moyo unaniungua. Usinione leo nimetulia na tasbihi yangu. Nilikuwa na wivu mimi, wivu wa kunikosesha hamu ya chakula.

Kilichonimaliza ni mume wangu. Dada yake alikwenda kwa Zuhura, akarudi na habari. Siku hiyo tunakula, mume wangu akasema kwa upole tu kwamba amesikia chumba cha Shomari kimekuwa kama hoteli. Mimi nikaona amenitukana, mimi na kitanda changu cha samadari nilichopewa na mama, na mashuka yangu ya maua.

Nikaamua kuiga. Kumwuliza Zuhura anavyofanya sikutaka, ningejishusha vipi? Nikasikia tu mashuka yanatiwa wanga, nikapika uji wa unga wa mahindi, mzito, nikayachovya. Yakakauka kama mkeka. Sisimizi nao wakaja kwa ukoo wao wote. Mume wangu aliamka anajikuna, akaniuliza kama nimemwagia kitanda chakula. Nilicheka naye, lakini hasira zote nikampelekea Zuhura, ambaye hakuwa na habari.

Kesho yake bombani, wanawake wakiyasifu mashuka yale, nikasema, "Kwani hamjiulizi yametoka wapi? Mume anashinda na mashuka ya wazungu kutwa nzima." Kisha nikajitwika ndoo yangu nikaondoka. Ni maneno hayo tu, mwanangu. Sikusema kaiba. Lakini nilijua nilichokisema.

Haikupita wiki, maneno yakafika hotelini. Msimamizi wa hoteli alikuja pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, wakakaa barazani kwa Shomari, wakataka kuyaona mashuka. Sasa elewa. Kwetu sisi shuka la mke na mume ni siri ya chumbani. Hata likifuliwa huanikwa uani, nalo limefunikwa kanga. Siku ile Zuhura aliyavua kitandani kwake, akayatoa nje, akayatandaza barazani mbele ya wanaume na mtaa mzima. Akawaonyesha mshono uliopita katikati. Ilikuwa marikani, kile kitambaa cha pamba cha bei rahisi, vipande viwili ameviunga kwa mkono, akavitia buluu ving'ae na wanga wa maji ya muhogo vinyooke. Shuka la hoteli halina mshono katikati. Msimamizi aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akaenda zake. Shomari akabaki na kazi yake.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, naona yote. Ningeweza kusema hapo hapo kwamba maneno yametoka kwangu. Sikusema.

Jioni ile Zuhura alikuja mwenyewe; wale wa bombani walikuwa wameshamwambia. Hakuketi.

"Ungekuja ukaniuliza," aliniambia, "ningekushonea na wewe. Marikani ilibaki, nilikuwekea."

Nikamshika miguu nikamwomba msamaha. Akanisamehe, na kwa kweli alinisamehe, maana nilipojifungua alikuja kunikanda maji ya moto siku zote arobaini. Lakini chumbani kwake sikukaribishwa tena. Tulizungumza barazani, tukasukana ukumbini, tukazeeka, na lile pazia la mlango lilikuwa limeshushwa kila nilipofika. Mashuka meupe hakutandika tena. Nilikuja kuliona hilo siku Zuhura alipofariki, tulipokwenda kumwosha, nilipoingia mle ndani kwa mara ya kwanza tangu ujana wetu, na kitandani palikuwa na kanga tu.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu, wewe unayetaka chumba chako kipendeze kama cha hoteli: kipambe. Nyoosha mashuka, weka taa zako, tia asmini. Hakuna dhambi. Na ukiona cha mwenzio kimekizidi chako, wivu utakuja, nao hauzuiliki kuja. Siku hiyo piga hodi, useme, "Shoga, umefanyaje? Nifundishe." Utaona haya kidogo, yatapita. Mimi niliona haya kuuliza neno moja, nikampotezea mwenzangu raha ya chumba chake maisha yake yote.

Mola akupe nyumba yenye utulivu na mwenzi wa kukuridhisha, akupe na shoga wa kukufungulia pazia lake. Nawe asikujaalie kulifunga kwa ulimi wako. Amin.