Matundu ya Vyoo Kaburini kwa Mama

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Moa, kijijini kwetu, maana wao wanaitia chumvi, nami nasema ilivyokuwa, inatosha: siku ya kumzika mama yangu mzazi niliruka ndani ya kaburi lake kutafuta simu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku upande wa Pangani. Nina cheti cha ualimu tu (uongozi sijausomea, siku moja niliitwa nikakabidhiwa funguo na muhuri, basi), walimu tuko wanne, nami mkuu nafundisha hisabati madarasa mawili, nasimamia uji, nasuluhisha wazazi, na juu ya hayo kila mara natakiwa kutuma takwimu. Wiki ile wilayani walitaka idadi ya matundu ya vyoo. Nilikwisha kuituma mara mbili na hakuna tundu lililoongezeka, lakini fomu ilikuwa mpya.

Mama akafariki Jumanne alfajiri. Nikampigia afisa elimu wa kata kuomba ruhusa.

"Pole sana, Mwalimu Mkuu, kazi ya Mungu haina makosa," akasema. "Ila zile takwimu zije kabla ya saa kumi, wanazingoja."

Nikamjibu, "Sawa, mkuu." Ndivyo nilivyomjibu.

Fomu niliijaza kwenye simu njiani, lakini nilipofika Moa mtandao ukawa unazunguka tu, fomu haiendi. Tulipokuwa tunatoka kwenda kumswalia mama, mdogo wangu Omari akaniambia, "Kaka, simu iache nyumbani." Nikamwambia nitaizima. Sikuizima. Nilipandisha sauti, nikaitia mfuko wa kifuani wa kanzu, na hapo ndipo lilipoanzia.

Kaburini tuliteremka watatu, mimi, Omari na Mjomba Hatibu, kaka yake mama. Mimi nilishika upande wa kichwa. Nilipoinama kumlaza nilihisi kifua kimekuwa chepesi, nikadhani ni huzuni. Tukapanga viunza juu yake, zile mbao za kumkinga na udongo, tukapanda, watu wakaanza kutupia mchanga kwa mikono.

Simu ikalia chini ya mbao.

Mlio wangu ni wa kengele (niliuchagua mwenyewe, ili nisipitwe). Waliokuwa mbele wakarudi nyuma, mzee mmoja akapiga shahada kwa sauti, na bwana mmoja wa makamo akaondoka mbio akaacha makubadhi yake.

"Simu ya nani hiyo?" Mjomba akauliza.

Ningesema ni yangu, iacheni, mambo yangeishia hapo. Lakini nilijua saa kumi imefika, na anayepiga ni afisa elimu, mdomo ukatangulia: "Ngojeni! Takwimu za matundu ya vyoo zimo humo!"

"Unasemaje?"

"Vyoo, Mjomba. Vya shule."

"Dadangu yuko hapo chini, Bakari, nawe wamtajia vyoo?"

Kengele ikalia tena, nami nikaruka. Nilikuwa nimepiga magoti nafukua mchanga kwa mikono miwili kama kuku, mbele ya ukoo mzima na maimamu wawili, Omari akanivuta kanzu mpaka ikachanika mgongoni. "Kaka, toka! Watu wanatazama!"

"Dakika moja tu," nikamwambia.

Nikaacha kufukua hapo hapo. Jumapili mama alinipigia, akaniambia kifua kinambana, nami nilikuwa nyuma ya shule na daftari nahesabu matundu, nikamwambia, "Dakika moja tu, mama, nakupigia." Sikumpigia. Jumatatu nilikuwa na kikao.

Nikapanda mwenyewe. Mjomba hakunitazama, aliwaambia watu, "Fukieni." Nikasikia kengele mara moja zaidi, kisha udongo ukazidi.

Matangani nilikaa pembeni na kanzu iliyochanika. Binamu yangu alinipa kahawa akauliza, "Mwalimu, vyoo vimefika?" na watu wakacheka kwenye viganja, na mimi siwalaumu. Niliporudi kazini nikakuta natakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini sikupokea simu ya kazi. Niliandika mstari mmoja: simu ilizikwa. Barua ikarudishwa, eti haieleweki, niandike upya.

Niliandika upya. Na matundu nikayatuma upya, ni yale yale.

Sasa nikienda Moa kumzuru mama, simu mpya naiacha Tanga mjini kwa Omari; anipigie nani? Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba sijamwambia tena mtu dakika moja tu, awe mzazi, awe mwanafunzi mlangoni. Kama sina nafasi nasema sina, na mtu anajua asinisubiri. Mama alisubiri siku mbili.