Mama Mkwe na Simbilisi wa Daktari

Siku ile pale zahanati, njia ya kwenda Omurushaka, tulikuwa wanne: mimi, bibi harusi wa juzijuzi; mume wangu, dresa wa kufunga vidonda na kutafsiri; mama yake, yaani mama mkwe wangu, mwenye pumu; na daktari mzungu aliyeuchunguza ugonjwa huo. Majina yao yote ninayo, hata la mbwa wa daktari, ila wenyewe wamelala, sitawaitaita kwenye karatasi.

Pumu ilipombana, mama mkwe alishika nguzo ya nyumba, mabega juu, kifua kikilia. Mimi niliogopa kila mara kwamba ndiyo basi, maana mama huyu alinipenda mno. Daktari alikuwa na sindano ya kumfungulia kifua, lakini mama mwenyewe alikataa.

"Anaziba pumzi za wanyama. Na mimi je?"

La kuziba lilikuwa kweli. Nyuma ya zahanati daktari alifuga simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, nami nikiwakatia majani. Alimweka mmoja ndani ya sanduku la kioo, akampulizia ukungu wa dawa inayobana njia ya hewa. Mnyama huhema, pumzi inasimama kidogo, inarudi, inasimama tena. Hapo humtoa haraka na kumchoma dawa ya pili, ile ya kufungua.

Mume wangu akamwambia, "Mama, njoo uone mwenyewe. Mnyama akipona, utakubali sindano?"

"Nikiona, sawa. Nisipoona, mniachie kifua changu."

Akaja asubuhi, amevaa vizuri, kikapu kidogo mkononi. Nilipotoka kukata majani nikamkuta amechutama penye vizimba, akizungumza Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, na simbilisi mmoja mweupe mwenye doa jeusi.

Daktari akamchukua huyohuyo wa doa. Akapuliza. Simbilisi akajikuna sikio. Akapuliza tena. Mnyama akazungukazunguka, pumzi safi kabisa.

Mama mkwe akasema neno kwa Kinyambo.

"Anasemaje?" daktari akauliza.

"Anasema... labda dawa imelala," mume wangu akatafsiri.

Kumbe alisema, "Mzungu huyu mwongo."

Daktari akamwangalia mnyama mdomoni, akaona makombo. "Amekula nini huyu?" Wote wakanigeukia mimi, mkata majani.

Mama mkwe akainua kikapu chake. "Mwacheni binti yangu, ni mimi. Kwangu mgeni hakai bila kutafuna kahawa. Huyu katoka mbali, nani kamkaribisha? Nimemtafunia, nikamchanganyia na ndizi mbivu."

Mume wangu alipotafsiri, daktari alikaa juu ya ndoo akacheka hadi akavua miwani. "Mama, kahawa nayo hufungua kifua kidogo. Nadhani umeniharibia kazi ya leo!"

"Basi nitatafuna kahawa. Sindano ya nini?"

"Umeitafuna miaka yote na pumu unayo. Wewe si simbilisi, Mama."

Akaleta mwingine, wa kahawia, ambaye hakukaribishwa. Safari hii mbavu zikaenda mbio, zikasimama. Mama mkwe akanikamata mkono, naye kazuia pumzi yake.

"Mfungulie! Mfungulie huyo mtoto wa watu!"

Daktari akamchoma. Tukatazama ubavu tu. Ukainuka. Ukainuka tena. Baadaye kidogo simbilisi akavuta jani langu akaanza kutafuna, na mama mkwe akaanza kupandisha mkono wa gauni lake.

"Nami nichome."

"Mama, leo kifua chako kizima," mume wangu akamwambia. "Utachomwa kikibana."

"Basi mwambie asiende mbali."

Kilipobana, wakati wa kuanika kahawa, tulimbeba, akachomwa bila ubishi. Jioni alikuwa ameketi anakula, akinigombeza kwamba ndizi hazijaiva vizuri. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Wanangu wamelelewa mgongoni kwake.

Labda wa doa ndiye aliyekuwa wa pili, na wa kahawia ndiye aliyelishwa, uzee huchanganya. Mwenye kukumbuka vingine aje anisahihishe. Kahawa ya kutafuna ipo.