Kutoka Getini Hadi Mlangoni, Miguu Mitupu

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla jirani yangu hajawasimulia kwa njia mbaya zaidi. Siku zangu za kwanza za kutunza uwanja, mwaka wa 2012 mjini Lodwar, nilipanda miiba kwa mikono yangu, nikaimwagilia maji, na jioni nikaketi kwenye ndoo kuisifu.

Ninyi mnaoshika jembe leo mtauliza mtu hufikaje hapo. Mimi nilifika kwa njia ya stoo. Nilikuwa karani wa stoo ya shirika moja lenye nyumba za wageni Lodwar na Kakuma, mtu wa kutoa misumari na kupokea saini, mzaliwa wa Kitale mwenye kidato cha nne. Nilikaa Lodwar miaka kumi na minane bila kwenda popote ila kazini, kanisani na kitandani. Mti uliokuwa mbele ya dirisha langu niliufahamu kwa kivuli chake tu, jina sikuwahi kuuliza. Kisha stoo ikafungwa. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na nusu nistaafu, na Msimamizi wa Majengo, bwana mrefu aliyetembea kana kwamba anapima ardhi kwa hatua, hakuwa na moyo wa kunifukuza. Akanipa uwanja wa nyumba ya wageni, pamoja na jembe, reki, fyekeo na toroli lenye gurudumu linalolia kama mtoto.

Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu, rangi ya biskuti. Niliuonea huruma. Kwetu Kitale ardhi ikidhoofika dawa ni samadi, basi nikaenda kwa jirani, Mama Akiru, ambaye mbuzi wake walilala upande wa pili wa ua.

"Ejok, Mama," nikamsalimu kwa Kiturkana. "Naomba mavi ya mbuzi."

"Ya kufanya nini?"

"Ya uwanja."

"Chukua yote, Karani. Ukitaka chukua na mbuzi wenyewe." Akacheka. Alicheka mpaka akashika ua, nami nikadhani ni ukarimu.

Nilieneza toroli kumi na mbili. Mvua ya Aprili ikaja na kuondoka kama mgeni aliyekosea nyumba, na siku chache baadaye nikaamka nikaona uwanja umepata kivuli cha kijani, chepesi kama pumzi kwenye kioo. Kila asubuhi niliutazama kupitia dirisha nikiwa bado kitandani, joto halijaanza, na nilihisi kana kwamba Kitale imenifuata polepole mpaka hapa. Nilichota maji bombani nikaunyeshea. Niliukanyaga kwa heshima, pembenipembeni.

Msimamizi wa Majengo akaja. Akasimama.

"Karani, hii ni nini?"

"Nyasi, bwana. Zimekubali."

Akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akaninyoshea. Kwenye kila kifundo palikuwa na miiba miwili midogo, laini bado, kama meno ya mtoto. "Nyasi za Kitale zina meno?"

Ilikuwa mathenge, ule mti wa miiba unaovamia ardhi kavu. Mbuzi hula maganda yake, tumbo halisagi mbegu, na mbegu ikitoka kwenye mavi huwa imeshalainishwa tayari kuota. Kila mtoto wa Lodwar anajua hayo. Nilikuwa nimeeneza shamba zima la mathenge mbele ya nyumba ya wageni, na katikati yake, kwa kuwa nilimwagilia, mbigili nao wakatandaza matawi yao chini kama spoku za baiskeli.

Msimamizi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alitazama chumba changu kwenye kona ya uwanja, chumba kimoja chenye dirisha la mashariki, akasema, "Nilikuwa nimekuombea kwa wakubwa ukistaafu ubaki pale, uwe mtunza ploti. Sasa wakiona hivi watasema tingatinga lije likwangue kila kitu. Na chumba chako kiko njiani."

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusafiri. Hata kuhamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule kuliwahi kuniuguza. Nilimwambia, "Nipe muda."

"Siku yako ya kustaafu nitavua viatu getini," akasema, "nitembee mpaka mlangoni pako. Nikichomwa hata mara moja, tingatinga linakuja." Kisha akanituma Kakuma miezi mitatu nikajifunze, kwa sababu uwanja wa nyumba yetu ya kule ulikuwa safi na wangu ulikuwa aibu.

Nyapara wa uwanja wa Kakuma alikuwa Mama Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mwanamke mrefu aliyevaa msalaba wa shanga na kufanya kazi akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Alikuwa na umri wangu na haraka ya kobe. Siku ya kwanza nilimwonyesha ninavyofyeka. Alinitazama nikikata mathenge yote ya pembeni, juu ya udongo, jasho likinitoka kwa fahari.

"Kwais, ya mzee," akasema, yaani vizuri. "Sasa umekata moja. Wiki mbili, itakuwa tano."

Akanionyesha. Mathenge huficha macho yake, yale machipukizi yaliyolala, chini ya udongo kwenye shingo ya mzizi. Unafukua shimo, shubiri moja kwenda chini, unakata hapo, unaondoa shingo yote. Mche mchanga, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua, unaung'oa kwa mkono mzima mzima. Mbigili ana mzizi mmoja tu katikati. Mtafute, mkate hapo, kisha mkunje kama mkeka. Lakini umwahi akiwa na ua la njano. Akishafanya tunda gumu la pembe, umechelewa.

"Na matunda yaliyokwisha anguka?"

Akaleta kipande cha godoro kuukuu la sponji, akalifunga kamba, akaweka jiwe juu, akaanza kuliburuta uwanjani akienda na kurudi. Alipoligeuza, tumbo la godoro lilikuwa limejaa mbigili kama anga la Kakuma lilivyojaa nyota. Alifanya hivyo kila Jumamosi, mvua iwepo isiwepo. Mchana ule wa upepo na vumbi jeupe, nikimtazama akiburuta godoro huku akiimba, kila kitu kikienda taratibu, nilihisi kama nimelala na ninaota kazi ya mtu mwingine.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, uwanja wenyewe si wake, na nchi pia.

"Nyumba si yangu," akasema bila kusimama. "Mguu ni yangu."

Nikarudi Lodwar. Mathenge yangu yalikuwa yamefika magotini na yalinipokea kwa kunichana suruali. Nilianzia mlangoni pangu kwenda getini, shina baada ya shina, shubiri moja chini, wiki baada ya wiki. Matawi niliyoyakata niliyaanika yakakauka, nikayajaza kwenye matundu ya ua, miiba ikielekea kwa mbuzi wa Mama Akiru, kwa maana uwanja unaopitwa na mbuzi waliokula maganda hausafishiki hata ukiufagia kwa ulimi.

"Karani, umenifungia mbuzi wangu nje?" akauliza kutoka upande wa pili.

"Wamekula mathenge. Wana shamba tumboni."

"Na nani aliomba hilo shamba kwa toroli?"

Nikaongeza tawi.

Kwenye nyufa za njia ya saruji, ambako jembe haliingii, nilimwaga maji ya kuchemka yaliyobaki jikoni. Wakati wa kiangazi, watu wanapodhani magugu yamekufa, nilifagia na kuokota, maana mbegu hazifi, zinasubiri. Siku tatu baada ya kila mvua nilikuwa nje kabla ya chai. Yale mavi yaliyobaki niliyakusanya punje kwa punje, nikayachoma. Mvua za 2013 zilipokuja, kile kivuli cha kijani kilitokea tena, chembamba zaidi, na moyo wangu ukataka kukisifu kama zamani. Nikapiga magoti nikaking'oa chote.

Kulikuwa na tatizo moja. Sikuwa na godoro kuukuu. Nilikuwa na godoro moja tu, nalo lilikuwa langu la kulalia. Nilitafakari kwa juma zima, nikifikiria mwisho wa chumba na mwisho wa usingizi. Mwishowe nikasema nitatumia upande wa chini, nami nilale upande wa juu. Kila Jumamosi nililitoa, nikaliburuta, nikaling'olea miiba niliyoiona, nikalirudisha kitandani. Mama Akiru alikuwa akileta kigoda chake uani ili asikose.

Siku ya kustaafu Msimamizi wa Majengo alikuja na barua ya kuniaga mfukoni. Akavua viatu getini, soksi akazikunja ndani yake, akaanza kutembea kwa zile hatua zake za kupima. Nilisimama mlangoni pangu. Sikuomba kwa Mungu uzima siku hiyo, niliomba mchanga tu. Katikati ya uwanja akasimama, akainua mguu, akauangalia chini yake kwa muda ambao mtu angeweza kujenga nyumba. Kisha akadondosha kitu.

"Changarawe," akasema.

Akafika. Akagusa mlango wangu kwa kiganja, akanipa barua na mkono. "Kaa hapa, Mzee. Lakini nyasi usipande."

Basi nimekaa. Nawaambia ninyi wadogo: uwanja hausafishwi mara moja, mnakaa nao kama mnavyokaa na mtu. Kiangazi kina shughuli yake, mvua ina yake, na anayelala msimu mmoja atafanya kazi misimu minne. Hayo nimeyaandika siku yenye joto, nikiwa nimejinyosha kwenye mkeka katikati ya uwanja wangu, kwenye kivuli cha ukuta, kwa kuwa mbigili wa mwaka mzima, hatua kwa hatua, wamevuka sponji kutoka upande wa chini kuja upande wa juu, na kitandani hakulaliki. Upepo unapita, mchanga ni laini, macho yanaanza kufumba. Mama Akiru amechungulia juu ya ua sasa hivi, na amesema hivi, nami sijaongeza wala kupunguza:

"Wewe Karani, mwaka mzima unapigania chumba, sasa unalala nje kama mbuzi yangu."