Mama Turubai asubiri kuambiwa kama mieleka yake ni ya jadi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama Turubai anatambaa kwa magoti ukumbini, viganja vyote viwili vikipapasa mikeka iliyovishwa turubai, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Anatafuta shazia, ile sindano nene ya kushonea turubai. Jana alishona mkeka uliochanika; leo amehesabu sindano zake, moja haipo.

"Nilikuja nazo sita, ninazo tano," anasema bila kuinua kichwa. "Na wazee wanaingia saa tatu. Mtu akichomwa leo, basi tena, tumekwisha."

Wazee anaowasema ni watatu, wa kamati ya michezo. Kuanzia mwezi ujao ukumbi huu utakuwa wa michezo ya jadi peke yake. Mama Turubai, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mshonaji wa maturubai ya malori. Kwa miaka kumi na mmoja amefundisha humu mieleka ya chini: watu wanabanana na kukabana mkekani mpaka mmoja agonge mkeka kwa kiganja, yaani amesalimu amri. Hakuna ngumi wala mateke. Je, huo nao ni mchezo wa jadi?

Kamati ikisema hapana, wanafunzi thelathini na mmoja hawana pa kwenda. Kodi ya ukumbi mwingine kwa mwezi ni sawa na ujira wa maturubai tisa. Yeye hushona manne, tena mwezi ukiwa mzuri.



Fomu ya kamati inauliza mchezo umerithiwa kwa nani. Mwanafunzi wake mmoja, kinyozi mwenye maneno mengi, alimshauri aandike mababu.

"Nikamwambia, mababu gani? Mimi nilifundishwa na dereva wa lori. Lori lilikwama hapa miezi minne kwa kukosa spea, nami nikapata mwalimu. Basi kwenye fomu nikaacha pengo."

Kuna jingine linalomkosesha raha. Mmoja wa wazee hao ni baba yake mzazi, mwanamieleka wa mchangani enzi zake, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi huu. Msimamo wake mtaa mzima unaujua.

"Kwetu mgongo ukigusa chini, mchezo umekwisha, watu wanakwenda kula," husema. "Kwake mgongo ukigusa chini ndiyo kwanza wanaanza. Sasa hiyo ni mieleka au ni usingizi?"

Saa tatu kamili wanaingia. Sindano haijaonekana. Kinyozi na muuguzi, watakaoonyesha mchezo, wanataka kupanda mkekani, lakini mwalimu wao anawazuia.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba mnivumilie. Kuna sindano humu, sijaipata."

Wazee wawili wanatazamana. Mmoja anaandika kitu kwenye daftari. Baba yake anavua viatu, anapiga magoti kwa taabu na kuanza kupapasa, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Hivyo ndivyo wanamieleka wa enzi zake walivyokuwa wakitafuta mawe mchangani kabla ya pambano, na binti yake alipokuwa na miaka sita, kazi hiyo ilikuwa yake.

Kwenye mshono wa mkeka wa tatu mkono unasimama. Mzee anaichomoa shazia, anaifuta na kuichomeka kwenye kola ya koti lake.

"Kila siku unapapasa hivi?"

"Kila siku, Baba."

"Nani alikufundisha?"

"Si wewe?"

Mzee anakohoa, kikohozi kirefu kuliko kilichohitajika.

Mchezo wenyewe hauchukui muda. Kinyozi anadumu dakika moja tu, muuguzi anamkaba, na kinyozi anagonga mkeka. Wawili hao wakitoka kubadilisha nguo, wazee wanapiga kura. Mmoja anasema ni jadi, wa pili anasema ni mambo ya juzi. Wote wanamgeukia wa tatu.

"Kama unayepapasa ni wewe peke yako, hiyo ni tabia yako tu, mwanangu, si jadi," anasema. "Jumatatu nakuja kabla ya darasa. Nikiwaona wanafunzi wako wanapapasa bila kuambiwa, natia sahihi. Na usiwaambie. Ukiwaambia nitajua."

Hapo Mama Turubai anakaa chini. Kwa miaka kumi na mmoja hajamwachia mtu kazi hiyo. Sindano ni zake, hofu ni yake. Wanafunzi wengi wakifika humkuta amemaliza.

"Nilidhani nawalinda, kumbe nawanyima," anasema wazee walipokwisha kuondoka. "Wanaowahi hunikuta kwenye mkeka wa mwisho. Labda wameona. Hata mmoja tu."

Jumatatu atachelewa kwa makusudi, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Ufunguo atamwachia mlinzi, awafungulie wanafunzi.

"Baba atasimama dirishani. Mimi nitakaa nyuma ya mlango, na sichungulii ng'o. Nitasikiliza tu. Kiganja kikipita juu ya turubai kina sauti yake, naijua."