Fundo la Ndege ya Njano

Tangu maonyesho ya ndege yaanze kufanyika kila mwaka pale Moshi, mama mkata nyasi hajakosa hata moja. Mwaka wa kwanza zilikuja ndege tatu na hema moja. Siku hizi wanakuja wageni wa nchi nyingi, wanauza mpaka injini, naye bado anainama kandoni mwa uwanja, mundu mkononi, akimkatia ng'ombe wake wa kule Kibosho. Vidole vyake vimekakamaa, ila havitulii: ndege ikiruka, anafunga fundo kwenye kamba ya mgomba, ikitua, analifungua. Filemon, mlinzi wa geti, humtania. "Mama, rubani anajua kwamba umemfunga?" "Anajua Mungu. Wewe linda geti lako."

Mwaka huu ndege ndogo ya njano iliingia nyuma ya wingu lililoshuka ghafla kutoka mlimani, isirudi. Kipaza sauti kikanyamaza. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake. Aliukalia, kidole gumba juu ya fundo moja lililobaki, kama mtu aliyemshika mgonjwa mkono. "Nenda tu, mama, ng'ombe atalia," Filemon alimwambia, macho yake mwenyewe yakiwa mawinguni. "Alie. Sauti anayo." Ilipita nusu saa nzima ndipo mngurumo ukasikika upande wa Rau, bawa la njano likachomoza, magurudumu yakagusa ardhi. Watu wakapiga makofi. Yeye hakupiga, fundo lilikuwa limekaza, akalifungua kwa meno. Kisha akamtazama Filemon, aliyekuwa bado ameng'ang'ania nguzo ya geti.

"Pumua na wewe, baba. Halafu uje unitwike huu mzigo."