Koti la Baba na Mnyororo wa Trekta

Mnyororo ukiburuzwa juu ya kokoto, mimi huacha ninachofanya. Juzi mume wangu alikuwa anakwenda na trekta kuivuta pikapu ya jirani iliyozama, nikausikia ule mlio, nikatoka jikoni na mwiko mkononi kwenda kutazama ndoano imefungwa wapi. Akanicheka, akasema nimezaliwa mkaguzi. Sikuzaliwa hivyo, jamani. Nilifanywa hivyo na Jumapili moja ya masika, nikiwa darasa la tatu, hapahapa Karatu.

Baba alikuwa na trekta jekundu, kuukuu, la kulimia mashamba ya watu. Alilipenda hadi mama akawa analiita mke mwenzake. Na kila aliyekuja kuomba kuvutwa alisomewa somo lilelile: mnyororo unafungwa chini, kwenye kile chuma kilicho chini ya ekseli. Ukifungwa juu, na mzigo ukagoma kutoka, trekta linainua pua, linapinduka kinyumenyume na kumlalia dereva. Tulilisikia somo hilo mpaka mimi na mdogo wangu tukawa tunaliigiza tukivutana kwa kanga.

Jumapili hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Udongo wetu mwekundu ukilowa unang'ang'ania kiatu, unakiacha ukitaka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka kanisani, lori la wanakwaya wa kijiji cha pili, waliokuwa wanawahi harusi, likazama mbele ya shamba letu. Wakashuka na sare zao za njano, viatu mkononi. Baba akaenda kuleta trekta bila hata kubadili nguo. Alikuwa amevaa koti la kijivu alilonunua Arusha kwa ubatizo wa mdogo wangu, na kwaya nzima ilimpigia vigelegele. Alipenda, msidhani hakupenda.

Alirudi nyuma mpaka karibu na pua ya lori, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kile chuma cha chini kilikuwa kimezama dimbwini. Kukifikia, ilibidi mtu alale kwenye tope, na wanaume wote walikuwa na nguo za kanisani. Wakatazamana. Baba mdogo Paskali, mwenye shati jeupe kuliko wote, akapata akili: akatundika ndoano juu, nyuma ya kiti, pale panapofungwa mkono wa juu wa jembe. Hapo palifikika bila hata kuinama. Baba alitazama ndoano, akatazama koti lake, akatazama kwaya, akaiacha ndoano hapohapo. Vijana wakapachika mawe kwenye magurudumu ya nyuma ya trekta ili yasiteleze.

Baba akatia gia. Mnyororo ukanyooka, injini ikanguruma, lori halikusogea hata kidogo. Magurudumu ya mbele ya trekta ndiyo yakaondoka ardhini. Mimi nilidhani ni mbwembwe za baba, nikapiga makofi. Kisha nikamwona amelala chali kwenye kiti chake, anatazama mawingu, na mikono yangu ikaishia hewani. Baba akakanyaga klachi. Trekta likaanguka chini kwa kishindo, tope likaruka hadi kwenye sare za njano.

Halafu, maajabu ya wanaume, mmoja akashauri watu wachache wakae juu ya boneti kuongeza uzito, wajaribu tena vilevile. Vijana wakaanza kupanda. Na mimi, mtoto nisiye na kumbukumbu, nilikuwa nimeshasahau hofu yangu, nikanyoosha mikono nipandishwe.

Mama alinivuta gauni kwa nyuma akaniweka kando. Akaingia dimbwini na viatu vyake na kitenge chake kipya, akapiga magoti, akazamisha mkono hadi begani akikitafuta kile chuma. Alipokipata akamtazama baba.

"Baba Neema, kila siku unatuimbia chini, chini. Leo huku chini kuna nini?"

Mdogo wangu, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akawajibia wanaume wote.

"Kuna matope."

Watu walicheka kupita kiasi, kwa sababu walikuwa wameogopa. Baba alizima injini, akashuka. Akamwinua mama, kisha akalala kifudifudi kwenye dimbwi, koti na tai na kila kitu, akafunga ndoano chini kwa mkono wake. Akaondoa mawe, akatuma watu wachimbe tope mbele ya lori, akatufukuza wote mbali na mnyororo. Akatia gia ndogo kabisa na kuukaza mnyororo taratibu. Lori likatoka likilalamika, na kwaya ikaimba palepale barabarani. Baba mdogo Paskali alicheza na shati lake jeupe mpaka mama mmoja wa sauti ya kwanza akampaka tope mgongoni.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama uani anafua lile koti. Maji yalikuwa mekundu, akayamwaga, akatia mengine, yakawa mekundu tena. Alikuwa analia. Nilimhurumia mno, nikamwambia pole, koti la baba limeharibika. Ndani ya nyumba baba alikuwa anauliza soksi zake ziko wapi na kama chai iko tayari, kama kawaida yake.

Mama alisikiliza ile sauti, akajifuta macho kwa kiwiko, akacheka.

"Limeharibika kabisa," akasema, kwa furaha ambayo sikuielewa.

Miaka yote hii nimekisimulia kisa hiki nikikiita siku mama alipolilia koti. Juzi mume wangu alirudi salama, akanipa suruali yake huku akiomba radhi kwa tope lile. Nikaitia kwenye beseni. Maji yalipogeuka mekundu, nikashangaa machozi yananitoka, na kicheko pia. Akaniuliza kama imeharibika sana.

Imeharibika kabisa, nikamwambia. Njoo unywe chai.