Bafumi na Kofia

Kufuma sufu Rumonge kunahitaji sababu, maana joto la pale kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Burundi, halina mzaha. Watu wakituona barazani na mipira ya uzi mapajani hutuuliza kama tunahamia milimani. Sisi ni wanawake wachache, wengi wajane, tunafuma kofia za watoto wachanga na kuzipeleka hospitalini bila malipo. Sindano zetu ni spoki za baiskeli zilizonolewa kwenye saruji. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia huona baridi hata pale mtu mzima anapojipepea, na joto lake humtoka kupitia kichwani. Hiyo ndiyo sababu, nami nimechoka kuieleza.

Siku ninayoikumbuka nilikwenda peke yangu. Wodini kulikuwa na mama kijana aliyeshuka kutoka milimani juu ya mji. Mtoto wake, ambaye samaki sangala wa wastani angemzidi uzito, alikuwa amelazwa kifuani pake ngozi kwa ngozi. Muuguzi alitaka kichwa cha mtoto kifunikwe upesi, kwa sababu kitenge kilikuwa kikiteleza kila mama alipojisogeza. Aliponiona alifurahi, akamwambia yule mama:

"Bafumi wamekuja na kofia."

Kwetu mfumi, wakiwa wengi bafumi, ni mtu anayefuma, basi. Lakini kwa Kirundi umupfumu, wakiwa wengi abapfumu, ni mpiga ramli, mtu wa pembe na hirizi, na Kiswahili cha yule mama kilikuwa cha sokoni tu. Alichosikia ni kwamba wapiga ramli wamefika. Akanitazama, mimi na ushungi wangu, akafunika kichwa cha mtoto kwa kiganja.

"Hapana. Mimi niliokoka. Mutoto wangu hatavaa kitu ya bapfumu."

Hasira zangu haziko mbali. Ningekuwa mpiga ramli, ningeanza kwa kuyaagua magoti yangu mwenyewe. Muuguzi akamweleza kwa Kirundi tofauti ya maneno hayo mawili, naye akatikisa kichwa. Maneno yanaweza kufanana, sawa, lakini kofia ilikuwa imetengenezwa mahali asipopaona, na nani ajue kilichofungwa ndani yake? Hilo nililielewa, ingawa sikupenda kulielewa. Mtoto alikuwa anapoa. Muuguzi alimgusa nyayo, akamkazia kitenge.

Nikavuta kiti, nikatoa uzi na sindano, nikaanza kofia mpya mbele ya macho yake. Nilidhani nimemaliza tatizo. Kumbe mimi nikifuma huhesabu vitanzi kwa kunong'ona, midomo inacheza, na mtu mwenye wasiwasi aone nini kama si uchawi?

"Mama, unasema nini humo?"

"Ninahesabu, mwanangu. Nikikosea, kofia itakwenda upande."

"Basi hesabu kwa nguvu. Na kwa Kirundi."

Nikahesabu kwa sauti: rimwe, kabiri, gatatu. Wodi nzima ilinisikiliza, mtu mzima na mvi zangu, nikikariri kama mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya mistari michache akaanza kuhesabu pamoja nami, kiganja kingali juu ya kichwa cha mwanawe. Nilipopotea, yeye ndiye aliyejua tulipofika. Kofia ya kichwa kidogo vile haichukui muda mrefu. Ilipokwisha aliigeuza ndani nje, akaivuta, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamvika mwenyewe.

"Murakoze, mama," akanishukuru.

Barazani nilikisimulia kisa hiki mpaka hapo, na wenzangu walicheka hadi wakafuta machozi. Mtoto aliishi siku chache, akafa; muuguzi ndiye aliyenipa habari. Niliumia kuliko nilivyotarajia. Kwa kawaida tunaacha kofia na kuondoka, hatujui zinawafikisha wapi waliozivaa, na mimi nilikuwa nimezoea kutojua.

Yule mama aliulizia nyumba tunapofumia kabla ya kurudi kwao. Alikuja na kofia mkononi, imefuliwa na kukauka, inanuka sabuni ya mawese. Nilimwambia mwihangane, pole ya Kirundi. Akanipa kofia kwa mikono miwili.

"Hii hakuna mama atavalisha mutoto wake," alisema. "Muifumue. Uzi haina kosa."

Nikatafuta ncha, nikavuta. Aliketi kando yangu, akawa anaviringa uzi vidoleni kadiri kofia ilivyopungua. Alikuwa anakaza mno, nikamwambia alegeze kidogo: uzi ukikazwa hurefuka, ukishafumwa hujirudi, na kofia itakayofuata itambana mtoto kichwa.

Akalegeza.